Binti Katika Mizani ya Wenziwe: Kwa Nini Hadithi za Skuli za Wasichana Hazichakai



Viko vitabu ambavyo wakubwa wamevicheka, wamevikataza, na hata wametamani kuvitia moto, na bado watoto wa kike hawakuacha kuvisoma. Navyo ni vitabu vya hadithi za skuli za dahalia za wasichana, vilivyotungwa Uingereza, ambavyo hata leo utaviona mikononi mwa mabinti zetu hapa pwani, vingine vimetoka majalada kwa kupokezanwa. Ukitafuta vita ndani yake, karibu huvioni. Ukitafuta hazina iliyozikwa au jini, huvioni. Mapenzi hayamo kabisa. Utakayemkuta ni msichana wa miaka 12 aliyepanda treni na sanduku lake kwenda skuli asikomjua mtu, akapewa kitanda kimoja katika safu ya vitanda. Ukimwuliza mjukuu wako ni nini kilichotukia humo, atakwambia kuwa msichana mmoja alivunja kalamu ya mwenziwe akamsingizia mwingine. Ndicho kisa chenyewe. Na kesho utamkuta akisoma tena kitabu kile kile.

Jambo kama hili halifai kupitwa kwa kicheko. Kitu kinachovuta nyoyo za watoto kwa zaidi ya miaka mia, katika nchi zisizofanana, lazima kina mzizi, na yatupasa tuuchimbue kabla hatujakihukumu.

Aina hii ya hadithi ina nasaba ndefu. Mwaka 1749 bibi mmoja, Sarah Fielding, alitoa kitabu kuhusu wasichana 9 katika skuli ndogo ya nyumbani, na kisa chake chaanza kwa ugomvi wa tufaha, kila mmoja akilitaka lililo kubwa. Kwa wavulana, kitabu kilichofungua njia kilikuwa Tom Brown's School Days cha Thomas Hughes, mwaka 1857, kilichoeleza maisha ya skuli ya Rugby. Wasichana walikawia kupata vyao kwa sababu skuli zenyewe zilikawia. Cheltenham Ladies' College ilianzishwa 1853, na Roedean 1885. Kisha mwaka 1886 L. T. Meade akatoa A World of Girls, na mwaka 1906 Angela Brazil akaanza mfululizo wa vitabu vyake. Bibi huyu aliwaacha wasichana waseme kwa lugha yao wenyewe ya utani na ukelele, badala ya kuwasemea kwa mawaidha, na hilo halikusamehewa. Husimuliwa kuwa mwaka 1936 mwalimu mkuu wa skuli moja ya wasichana ya London alisimama mbele ya wanafunzi akasema vitabu vya Brazil vikusanywe vichomwe. Wanafunzi wake, bila shaka, walikuwa wamekwisha kuvisoma.

Baada yake wakaja wawili ambao majina yao hayajafutika. Elinor Brent-Dyer alianza mwaka 1925 hadithi za Chalet School, skuli aliyoiweka katika milima ya Tyrol huko Austria, na hadi kitabu cha mwisho kutoka mwaka 1970 vilikuwa vimefika karibu 60. Na Enid Blyton, ambaye kabla ya umaarufu alikuwa mwalimu, alitoa vitabu vya St. Clare's kuanzia 1941 na vile 6 vya Malory Towers kati ya 1946 na 1951. BBC ilimkwepa Blyton kwa miaka mingi kwa kumwona hana kimo cha mwandishi, na baadhi ya maktaba za Uingereza hazikutaka vitabu vyake. Vikasomwa hivyo hivyo. Wajerumani walivipenda hata wakambadilisha Darrell wa Malory Towers akawa Dolly, na waandishi wao wakaongeza vitabu ambavyo Blyton hakuvitunga. Mwaka 2009 mwandishi mwingine, Pamela Cox, aliongeza vitabu 6, na kuanzia 2020 Malory Towers ikaonyeshwa katika televisheni ya BBC ile ile iliyokuwa ikimkwepa.

Sasa, mvuto huu watoka wapi? Wako wasemao ni karamu za usiku wa manane, na bwawa la maji ya bahari katika miamba ya Cornwall, na farasi. Mimi sidhani. Vitu hivyo ni kama tambi juu ya pilau. Mtoto huvifurahia, lakini hashibi navyo.

Yasimuliwa kuwa mtu mmoja alikuja kumshuhudilia mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), akamsifu kwa wema. Sayyidna Umar akamwuliza kama alikuwa jirani yake, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake. Kama amepata kufanya naye biashara ya fedha. Kama amepata kusafiri naye. Kila swali mtu yule akajibu la. Akaambiwa kuwa basi hamjui, na labda amemwona tu msikitini akiinama na kuinuka.

Tazama, msomaji, skuli ya dahalia ni mambo hayo matatu kwa pamoja. Kitanda cha jirani yako ki hatua mbili nawe, nawe wajua akilia usiku na akisema uongo asubuhi. Keki iliyotoka nyumbani yagawanywa, na hapo huonekana nani mchoyo. Na muhula ni safari ya wiki kadhaa ambayo hakuna wa kushuka njiani. Nyumbani binti ni binti Fulani. Akikosa, mama humtafutia udhuru, na akifanya vyema, husifiwa ukoo. Katika kitabu cha skuli, binti hupata kwa mara ya kwanza kupimwa kwa matendo yake mwenyewe, na wanaompima ni watu asioweza kuwadanganya kwa muda mrefu. Kila mtoto wa kike, awe Kent au Kibokoni, analo swali hili moyoni: mimi ni nani wakati baba yangu hayupo? Hadithi hizi ni mahali pachache pa kulijibu bila ya kuharibikiwa.

Chukua kitabu cha kwanza cha Malory Towers. Darrell Rivers ni mwema, lakini ana ghadhabu. Anamwona Gwendoline, msichana aliyedekezwa, akimshika kichwa majini msichana mdogo mwoga, Mary-Lou, naye anamrukia Gwendoline na kumpiga makofi. Mwandishi asiye hodari angeliishia hapo: dhalimu kapigwa, watoto washangilie. Blyton hafanyi hivyo. Darrell ndiye anayeambiwa kuwa amekosa, na yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kuomba radhi. Halafu anamsukuma Sally, msichana mkimya, akaanguka. Kisha Sally akashikwa na maumivu makali ya tumbo, na Darrell akaamini kuwa yeye ndiye aliyeyasababisha. Kumbe ni kidole tumbo. Lakini usiku ule wa hofu, mtoto peke yake na dhamiri yake, ni ukurasa ambao waandishi wengi waliompita Blyton kwa lugha hawakuweza kuuandika. Sisi wasomeshaji twajua kuwa ghadhabu haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Huondoka, kama itaondoka, mtu akisha kuona umbali ambao mkono wake ungeweza kufika.

Na huyo Sally ana jambo lake. Anakana kuwa ana mdogo wake nyumbani, kwa sababu mtoto huyo alizaliwa naye akapelekwa skuli, akadhani amefukuzwa ili kumpisha mgeni. Wangapi katika nyumba zetu wamepelekwa kulelewa kwa bibi, au kwa shangazi mji wa pili, wakati mama amejifungua, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza? Blyton hakuwajua watoto hao wa kwetu, lakini amewaandika.

Kitabu cha sita kina kisa ambacho ningependa kila baba akisome. Gwendoline, ambaye katika miaka yote hiyo hakujifunza kitu, anataka apelekwe Uswisi kwenye skuli ya mabinti wa matajiri. Baba yake hana uwezo huo. Binti anamsemea maneno makali, ya kumvunja moyo, na karibu muhula wote anatamba mbele ya wenziwe jinsi alivyoshinda. Kisha habari zafika kuwa baba ni mgonjwa mahututi. Mtoto yule anaondoka skuli akilia, hajui kama atawahi kuomba msamaha. Baba hafi, ila afya yake imekwisha, na Gwendoline itambidi atafute kazi. Blyton haongezi waadhi mrefu. Mimi nimesomesha mlango wa haki za wazazi kwa zaidi ya miaka 30, na sijapata mfano wa kumwingia msichana wa miaka 13 kuliko huo wa binti aliyeshinda hoja dhidi ya baba yake.

Mzazi mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuniletea vitabu vitatu vya aina hii, akataka nimwambie kama vyafaa kubaki nyumbani. Shaka yake ilikuwa juu ya zile karamu za usiku na utundu wa kuwachezea shere walimu. Nilimwambia hayo yasimnyime usingizi. Watoto wetu waliokuwa wakiiba maembe ya waqfu hawakufundishwa na Blyton. Hofu yangu iko kwingine, na hapa ndipo ninapogombana na vitabu hivi.

Wasichana wa skuli hizi wana kanuni moja waishikayo kama dini: usiseme kwa mwalimu. Anayesema ni mtu duni, hutengwa. Kanuni hii ina upande wake mwema, kwani umbea na kupeleka maneno ni ugonjwa, na mtoto afundishwe kuyamaliza madogo na wenziwe. Lakini vitabu havipambanui. Siri ya karamu na siri ya mtoto anayeonewa zatiwa kapu moja. Mary-Lou akizamishwa kichwa majini, wenziwe humaliza mambo wao kwa wao, na kwa kuwa mwandishi ni mpole, mambo hayazidi. Katika dunia yetu yaweza kuzidi. Twajua kuwa katika skuli na vyuo vya kila nchi, na vya waumini pia, watoto wamedhulumiwa na wakubwa, na kanuni hiyo hiyo ya kunyamaza ikawa pazia la dhalimu. Wazee wa zamani walipomkabidhi mtoto kwa mwalimu walikuwa wakisema kuwa wao wataka warejeshewe mifupa tu. Neno lile lilikusudiwa heshima, lakini mtoto aliyekuwa akisikiliza alielewa kitu kimoja: akipatwa na lolote, nyumbani hakuna wa kumsikiliza. Basi mama anayempa binti yake Malory Towers na akae naye pale penye kanuni hiyo, amwambie waziwazi ni siri gani ya kuwekwa, na ni ipi ya kumkimbilia mama nayo usiku huo huo.

Tena vitabu hivi ni vya wenye kulipa. Waliopika chakula cha wasichana hao na kufua mashuka yao hawana sura wala kisa. Na mgeni ni wa kuchekwa: walimu wa Kifaransa katika Malory Towers ni vichekesho, na Zerelda kutoka Marekani hapati heshima mpaka aache nywele zake za kujipamba awe kama wenziwe. Binti wa Lamu angelipelekwa skuli ile, sijui Blyton angelimfanyia nini, nami sina hamu ya kujua. Kasoro hii wengine wameiona wakaitengeneza. Mwaka 2014 Robin Stevens alianza hadithi za skuli ya zamani ya Kiingereza ambazo msimulizi wake ni Hazel Wong, msichana wa Hong Kong, na yeye ndiye anayewatazama Waingereza na kuwashangaa. Na Brent-Dyer alikuwa ameona mbali zaidi tangu mapema. Katika skuli yake Wakatoliki na Waprotestanti waliishi pamoja na kila kundi likasali upande wake. Austria ilipomezwa na Hitler mwaka 1938, hakujifanya hajui: katika kitabu cha mwaka 1940 wasichana wake wamkinga mzee wa Kiyahudi aliyevamiwa na umati, na kwa ajili hiyo wabidi kuikimbia nchi. Hapo hadithi ya skuli imebeba mzigo wa watu wazima na haikuvunjika mgongo.

Mtoto na aelezwe pia kuwa dahalia zote hazikuwa na bwawa na keki. Charlotte Brontë, katika Jane Eyre ya mwaka 1847, ameeleza skuli ya mayatima iitwayo Lowood, yenye baridi, uji ulioungua na mwenye skuli anayewanyima watoto huku akiwasomea mawaidha ya subira. Hakuyatoa hewani. Yeye na dada zake walipelekwa skuli ya Cowan Bridge, na wakubwa wake wawili, Maria na Elizabeth, waliugua huko wakafa mwaka 1825. Msomaji wa Malory Towers akiisha kusoma Lowood, hatakosa kujua ni furaha ya nani iliyoandikwa, na ni machozi ya nani yaliyoachwa.

Haya ni ya Waingereza. Je, sisi?

Mwaka ule ule wa 1886 aliotoa Meade kitabu chake, kilitoka Ujerumani kitabu cha binti wa pwani, Sayyida Salme bint Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, aliyekuwa akiitwa huko Emily Ruete. Ndani yake ameeleza chuo alichosomea utotoni: mkeka, msahafu, watoto wa kike na wa kiume pamoja, mwalimu na bakora yake. Wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika. Basi yeye akatwaa mfupa wa bega la ngamia, akajifundisha kwa siri kuandika herufi kwa kuiga zilizomo msahafuni. Msomaji, hapo pana hadithi ya skuli ya msichana ambayo Brazil na Blyton wasingeliweza kuibuni: mtoto, siri, mfupa, na hamu ya kalamu. Imekaa katika kurasa chache za kumbukumbu, na baada yake sijaona mtu aliyekalia mkeka ule kuutungia kitabu cha watoto.

Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipigania elimu ya mtoto wa kike katika magazeti yake ya miaka ya 1930, na wako waliomnunia kwa hilo. Leo mabinti wa pwani ni madaktari na mahakimu. Lakini ukitafuta kitabu cha Kiswahili kilichoeleza furaha ya msichana kuwa mwanafunzi, utafuta vumbi la rafu nyingi kabla ya kukipata.

Kilichotushika zaidi ni kisa cha msiba. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, yamtoa msichana Ukerewe, yampeleka skuli ya dahalia, na huko aharibikiwa hata mwisho wake uwe wa kujiua. Ilipigwa marufuku skulini kwa muda, kisha ikaruhusiwa. Wazazi wengi walioisikia kwa mbali wameifanya hoja ya kumrudisha binti jikoni, na hiyo ni kuisoma kinyume. Kezilahabi hakuilaumu skuli peke yake. Amemweka mlangoni Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlinda kwa fimbo wala hakumfundisha kitu. Rosa alipotoka nje ya fimbo ile hakuwa na mizani yoyote ndani yake. Darrell na Rosa waliondoka nyumbani wote wawili, ila mmoja aliondoka na maneno ya baba yake, na mwingine na alama za mkanda wake. Kitabu cha Kezilahabi ni kizito na ni cha watu wazima; msichana na akisome umri ukifika, mama akiwa amekwisha kukisoma kabla yake.

Lakini kati ya Cornwall na Ukerewe pana nafasi tupu, nayo ni chuo chetu. Alifu kwa ujiti inayoimbwa na sauti arubaini kwa pamoja. Ada ya Alhamisi iliyofungwa katika ncha ya leso na ikapotea njiani. Msichana mkubwa aliyepewa wadogo awasomeshe, akawa mkali kuliko mwalimu. Wawili waliokuwa wakishindana juzuu kwa juzuu, mmoja akahitimu mbele, na siku ya khitma yake mwenziwe akaja na sahani ya halua au hakuja. Hiyo sahani peke yake ni kitabu kizima. Hatuhitaji karamu ya usiku wa manane. Tuna usiku wa Ramadhani, ambapo watoto wa mtaa mzima wako macho kwa ruhusa.

Atakayekiandika, nadhani, si sisi wenye ndevu nyeupe. Sisi tutakijaza mawaidha hata watoto wakilaze chini ya mto wakatafute Blyton. Atakuwa mmoja wa hao wanaosoma sasa kwa kupokezana, aliyekwisha kujua kuwa kalamu iliyovunjwa yatosha kuwa kisa. Na akikiandika, asimwache nje yule mwalimu wa bakora kwa kuchelea tusikasirike. Amtie ndani, na lile jina la utani ambalo watoto walimwita nyuma ya mgongo wake, alitie pia.